Saa sita za kwanza baada ya upasuaji wa moyo: mwongozo kamili kwa muuguzi wa ICU

Mwongozo huu ni wa muuguzi aliyepangiwa kumpokea mgonjwa anayetoka kufunguliwa kifua. Huenda ndiyo kwanza umehamishwa kutoka wodini, au umezoea ICU ya jumla lakini hujawahi kukaa na chupa ya kifuani inayojaa damu mbele yako. Kwa Dar es Salaam sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyoanzishwa 2015 pale Muhimbili. Hatua zilizomo humu zinafaa popote penye ICU ya moyo. Maagizo ya daktari aliyempasua mgonjwa wako yanatangulia namba yoyote utakayoisoma hapa.

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa ajili ya mzee wa Ulaya au Marekani mwenye mishipa ya moyo iliyoziba. Hao tunao pia, lakini kitanda chako mara nyingi kitakuwa na dada wa miaka 25 aliyeharibiwa vali na homa ya baridi yabisi ya utotoni, au mtoto mwenye tundu kwenye moyo aliyefikishwa hospitali akiwa amechelewa. Mapafu yao yamekaa na presha kubwa kwa miaka, na upande wa kulia wa moyo umechoka. Jambo hilo linabadilisha namna unavyompa maji, unavyomfyonza makohozi na unavyomwamsha.

Kabla hajafika

Chumba cha upasuaji kikipiga simu kwamba wanafunga kifua, una kama nusu saa hadi saa moja. Anza na vitu vitakavyokuangusha vikikosekana.

Chomoa kila pampu ya sindano kwenye umeme na uiache ifanye kazi kwa betri dakika kadhaa. Pampu ambayo betri yake imekufa inaonekana nzima kabisa mpaka umeme ukatike. Kati ya kukatika na jenereta kuwaka kuna sekunde chache, na hizo zinatosha kuzima pampu yenye adrenalini. Pampu za dawa za kupandisha presha na mashine ya kupumulia zichomekwe kwenye soketi zenye umeme wa akiba. Soketi ya kuchajia simu iwe nyingine kabisa, na mwambie kila anayeingia chumbani.

Hakikisha mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono upo kichwani mwa kitanda, umeunganishwa na oksijeni, na barakoa inamtosha mgonjwa huyu. Jaribu mashine ya kufyonza kwa kuziba mrija kwa kidole uone mshale unapanda. Defibrileta, mashine ya kushtua moyo kwa umeme, iwe imechajiwa, pedi ziwepo. Seti ya kufungulia kifua iwe kitandani, haijafunguliwa, na ndani yake kuna kikatio cha waya zinazofunga mfupa wa kifua. Mpigie simu mtu wa benki ya damu umuulize mwenyewe: zimebaki chupa ngapi zilizolinganishwa kwa jina hili? Usikubali jibu la "zipo" bila idadi.

Kwa mtungi wa oksijeni wa safari, hesabu ni rahisi: ujazo wa mtungi kwa lita mara presha inayosomeka kwa bar. Mtungi wa lita 10 wenye bar 100 una lita 1000. Ukitumia lita 10 kwa dakika, unakupa dakika 100. Panga safari kwa nusu yake, kwa sababu lifti hukwama.

Mgonjwa anapoingia

Kosa la kawaida ni watu sita kuongea kwa pamoja huku nyaya zinabadilishwa. Daktari wa usingizi anaeleza dawa, daktari wa upasuaji anaeleza vali, na muuguzi anatafuta waya wa ECG, yaani wa kupima umeme wa moyo. Baadaye hakuna anayekumbuka kilichosemwa. Gawanyeni: kwanza mikono, halafu maneno. Mpaka mgonjwa awe ameunganishwa hakuna makabidhiano, ila tahadhari ya dharura tu.

Mpangilio wa kuunganisha ni huu. Mashine ya kupumulia kwanza: tazama kifua kikipanda pande zote mbili, sikiliza kulia na kushoto, soma namba ya mrija wa hewa pale unapopita mdomoni, iandike. Pili, presha ya ateri ihamie kwenye monita yako, na usiiondoe monita ya safari mpaka uone wimbi kwenye skrini ya kitanda. Tatu ECG na oksijeni ya kidole. Nne pampu, moja baada ya nyingine, bila kuzima hata moja. Tano chupa za kifuani ziunganishwe na kifyonzio, kwa kawaida sentimita 20 za maji chini ya sifuri. Mwisho mfuko wa mkojo. Mrija wa kifuani haubanwi safarini hata kama chupa inasumbua kubeba: ukiubana, damu inabaki kifuani.

Weka plasta kwenye chupa na uchore mstari wa kiwango cha damu pamoja na saa. Mstari huo ndio sifuri yako.

Sasa wote wanyamaze, wapasuaji waongee. Mambo ya kuuliza kama hawajayataja: amefanyiwa nini hasa, alikaa muda gani kwenye mashine ya moyo na mapafu, na moyo ulisimamishwa kwa dakika ngapi, alitoka kwenye mashine kirahisi au kwa taabu, protamini imetolewa ya kutosha kuizima heparini (dawa inayozuia damu kuganda), amepewa damu na plazma kiasi gani, mdundo wa moyo ulikuwaje kabla na sasa, waya za betri ya moyo (zinazoupelekea moyo umeme wa kuudundisha) zipo ngapi, kuwekewa mrija wa hewa kulikuwa kugumu, wanataka presha ya wastani iwe ngapi. Swali la mwisho ambalo wengi hulisahau: usiku huu nimpigie nani, na yuko umbali gani? Andika jina na namba yake kwenye ubao wa kitanda. Daktari anayeishi Mbweni hafiki Muhimbili kwa dakika tano, kwa hiyo mjue pia nani aliye ndani ya jengo anayeweza kufungua kifua.

Usiamini namba kabla ya kuhakiki mrija

Hapa ndipo tunataka ukae zaidi, maana maamuzi yote ya usiku yanatoka kwenye mistari miwili: presha ya ateri na CVP, yaani presha ya mshipa mkuu unaorudisha damu kwenye moyo.

Transdyusa, kifaa kinachogeuza presha ya mrija kuwa namba kwenye monita, inakaa usawa wa moyo: nafasi ya nne kati ya mbavu, katikati ya ubavu. Weka alama ya kalamu kwenye ngozi ya mgonjwa ili kila zamu itumie sehemu ileile. Tofauti ya sentimita 10 kwenda juu au chini inabadilisha usomaji kwa karibu mmHg 7.5. Sasa fikiria transdyusa imefungwa kwenye stendi, na mtu akapandisha kitanda sentimita 10 ili abadilishe shuka. Transdyusa imebaki chini ya moyo. CVP iliyokuwa 8 inasomeka 15 au 16, na presha ya wastani iliyokuwa 60 inasomeka 67. Umepata namba mbili za uongo kwa mpigo: moja inakutisha kwamba moyo umebanwa, nyingine inakutuliza kwamba presha inatosha. Kila kitanda kinaposogezwa, transdyusa ipimwe upya.

Mfuko wa maji ya kusafishia mrija ujazwe upepo mpaka mmHg 300. Ukishuka, damu inarudi nyuma, mrija unaganda na wimbi linalala. Wimbi likilala, kabla ya kuita daktari bonyeza kisafishio kwa sekunde moja uachie. Mstari unatakiwa uruke juu, ukae bapa, ushuke ghafla na utikisike mara moja au mbili. Ukishuka polepole bila kutikisika, tafuta kiputo cha hewa, bonge la damu, mkono uliokunjwa au koki iliyofungwa nusu. Presha ya juu iliyosomwa kwenye wimbi la namna hiyo huonekana ndogo kuliko ilivyo, na muuguzi anaweza kuongeza noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, bure.

Halafu gusa miguu. Mgonjwa mwenye presha ya wastani 70 na miguu ya baridi mpaka magotini hana mzunguko mzuri wa damu, vyovyote monita isemavyo.

Dawa za kupandisha presha

Kanuni ni moja: kipimo kwa mikrogramu kwa kilo kwa dakika, mara uzito, mara 60, gawanya kwa mikrogramu zilizomo kwenye mililita moja. Noradrenalini 4 mg ndani ya ml 50 ni mikrogramu 80 kwa ml. Mgonjwa wa kilo 60 kwa kipimo cha 0.05: 0.05 × 60 × 60 = 180, gawanya kwa 80, ni ml 2.25 kwa saa.

Fanya hesabu hii mwenyewe hata kama pampu inaihesabu. Wakati wa kambi za upasuaji, wenzetu kutoka nje hufika na mazoea ya kwao. Mmoja akichanganya 8 mg ndani ya ml 50, mwendo uleule wa ml 2.25 unampa mgonjwa mara mbili ya ulichokusudia. Siku ya kwanza ya kambi kaeni pamoja, chagueni jedwali moja la michanganyiko, libandikeni ukutani, na asitokee wa kuchanganya kwa namna yake.

Kubadilisha bomba la sindano lililokaribia kuisha dawa ndipo presha za wagonjwa zinapoanguka bila sababu. Noradrenalini inaondoka mwilini kwa dakika mbili tatu tu, kwa hiyo pengo dogo linaonekana mara moja kwenye skrini. Na bomba jipya halianzi kutoa dawa sekunde unayobonyeza: kuna ulegevu kati ya pampu na kisukumio, na kwa mwendo wa ml 2 kwa saa ulegevu huo unaweza kula dakika kadhaa. Andaa bomba jipya likibaki nusu saa. Lipachike kwenye pampu ya pili, lisukume mpaka tone litokee kwenye ncha ya mrija, ndipo uliunganishe na mgonjwa. Anzisha kwa mwendo uleule wa la zamani. Presha ikianza kupanda kidogo, ujue jipya limeshika. Hapo punguza la zamani na kulizima. Usifanye hivi wakati wa makabidhiano ya zamu wala wakati wa kumgeuza mgonjwa.

Njia ya mrija wa shingoni inayopitisha dawa hizi haipitishi kitu kingine. Ukisukuma antibayotiki humo, umesukuma na adrenalini iliyokuwa njiani, presha inaruka 200, na mishono ya aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ni mibichi.

Damu ya kifuani

Soma chupa kila baada ya dakika 15 kwa saa ya kwanza, kila nusu saa inayofuata, kisha kila saa. Andika kiasi cha saa hiyo na jumla. Kwa mtu mzima, ml 50 hadi 100 kwa saa zikiendelea kupungua hazitishi. Zikifika 200 kwa saa moja, piga simu. Zikizidi 200 kwa saa mbili au tatu mfululizo, au 400 ndani ya saa moja, mazungumzo ni ya kurudi chumba cha upasuaji. Kwa mtoto pima kwa uzito: zaidi ya ml 10 kwa kilo ndani ya saa moja, au ml 5 kwa kilo kwa saa tatu mfululizo. Mtoto wa kilo 12 ana damu isiyofika lita moja mwili mzima, hivyo ml 120 unazoziona ndogo kwenye chupa kubwa ni zaidi ya sehemu ya nane ya damu yake.

Angalia na rangi. Mgonjwa akigeuzwa, damu nyeusi iliyotuama inaweza kumwagika ml 100 au 150 kwa mara moja halafu ikakoma. Damu nyekundu mpya, ya moto ukishika mrija, isiyokoma, ni mshipa unaovuja. Kabla ya kumlaumu mpasuaji, jiulize kuhusu baridi, kalsiamu na heparini. Mwili wenye nyuzi joto chini ya 36 haugandishi damu sawasawa. Damu ya benki ina sitreti inayofunga kalsiamu, kwa hiyo baada ya chupa kadhaa kalsiamu inashuka na damu inazidi kutoka. Na presha iliyoachwa ipande 160 inasukuma kila tundu la sindano.

Mrija usining'inie na kutengeneza kitanzi kati ya kitanda na chupa, kwa sababu damu ikijaa humo inazuia nyingine kutoka. Lakini usiukamue kwa nguvu kwa vidole kutoka juu hadi chini kama inavyofanywa mahali pengi: unatengeneza mvuto mkubwa sana ndani ya kifua na unaweza kujeruhi tishu. Ugongegonge kwa upole pale penye bonge, uinue kidogo, damu iteremke.

Chupa inayojaa kila mtu anaiona. Chupa ya kuogopa zaidi ni ile iliyokuwa inatoa ml 150 kwa saa halafu ghafla inatoa 10. Muuguzi mgeni anafurahi na kuandika "damu imekata". Inaweza kuwa imekata kweli. Inaweza pia kuwa mrija umeziba kwa bonge na damu inajikusanya kuuzunguka moyo na kuubana. Hiyo ndiyo tamponadi. Moyo uliobanwa haujai, hivyo hausukumi: mapigo yanakwenda mbio, tofauti kati ya presha ya juu na ya chini inapungua, CVP inapanda, mkojo unakata, miguu inapoa, dawa za presha zinaongezwa bila faida. Usisubiri dalili zote zikamilike. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi anaweza kuwa na tamponadi huku CVP yake ikiwa ya kawaida. Na kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilichofanywa juu ya kifua hakiwezi kukuhakikishia kwamba hakuna kitu, kwa sababu bonge dogo nyuma ya moyo hujificha.

Ukiwa na chupa iliyonyamaza na presha inayoshuka, fanya hivi kwa wakati mmoja na mwenzako: hakikisha mrija haujakunjwa wala kuzibwa, hakiki transdyusa, anza maji au damu kwa vipimo vidogo, ml 250 kwa mtu mzima, uone kama presha inajibu, PEEP (presha ambayo mashine huiacha mapafuni mwisho wa pumzi) isipandishwe, kwa sababu presha ya kifuani inazuia damu kurudi kwenye moyo, sogeza seti ya kufungulia kifua. Piga simu na useme maneno yenyewe: "Daktari, nina hofu ya tamponadi. Chupa imetoka 150 hadi 10, CVP imetoka 9 hadi 17, presha ya wastani 52 na inashuka. Naomba uje sasa." Ukisema tu "mgonjwa presha iko chini kidogo" utajibiwa "ongeza dawa".

Joto, mkojo na potasiamu

Mambo haya matatu yanakwenda pamoja. Mgonjwa anafika amepoa, na kiyoyozi cha ICU kinampooza zaidi. Mpashe joto polepole kwa blanketi la hewa. Anapopata joto mishipa ya ngozi inafunguka na presha inashuka. Uwe na maji tayari badala ya kushtuka. Akitetemeka anatumia oksijeni nyingi, kwa hiyo mtulize kwa dawa iliyoandikwa.

Saa za mwanzo atakojoa sana, pengine ml 300 kwa saa, kutokana na maji ya mashine ya moyo na mapafu. Usisherehekee figo bado. Mkojo ule unaondoka na potasiamu na magnesiamu, na moyo ulioshonwa juzijuzi ukikosa potasiamu unaingia kwenye mdundo wa hatari. Pima gesi za damu pamoja na potasiamu ndani ya nusu saa ya kwanza, kisha kila saa moja au mbili mkojo ukiwa mwingi. Tunataka potasiamu kati ya 4.0 na 5.0. Ampuli ya ml 10 ya kloridi ya potasiamu ya asilimia 15 ina mmol 20. Ichanganye ndani ya ml 100, ipitie mrija wa shingoni kwa pampu, isizidi mmol 20 kwa saa, ECG ikiwa mbele yako. Haisukumwi kwa mkono hata siku moja. Ampuli zake zikae kabati tofauti na maji ya kuchanganyia dawa, kwa sababu zinafanana mno kwenye mwanga hafifu wa saa tisa usiku. Pima upya kabla ya kurudia, na kama mkojo umepungua usirudie bila daktari.

Baadaye mkojo ukishuka chini ya ml 0.5 kwa kilo kwa saa kwa mtu mzima, au 1 kwa mtoto, kwanza angalia katheta haijaziba. Kisha fikiria moyo, kabla ya kufikiria dawa ya kukojosha.

Waya za betri ya moyo

Zinazotokea kulia kwa mfupa wa kifua ni za chemba za juu, za kushoto ni za chemba za chini. Usizishike kwa mikono mitupu: umeme mdogo tu wa mwilini mwako unafika moja kwa moja kwenye misuli ya moyo. Waya zisizotumika funika kila moja peke yake, ncha ya glovu iliyokatwa inatosha, na uzibandike.

Kila zamu, kama mgonjwa ana mdundo wake wa kumtosha, pima kizingiti: weka betri juu kidogo ya mapigo yake, shusha nguvu taratibu mpaka moyo uache kufuata, pandisha mpaka ufuate tena. Kama ni mA 4, acha kwenye 8. Kizingiti hupanda siku zinavyokwenda, na betri iliyoshika jana inaweza isishike leo. Mtoto aliyezibwa tundu kati ya chemba za chini ni wa kuangaliwa hasa, maana mshono unapita karibu na njia ya umeme ya moyo. Betri ya akiba ikae mezani, haijafunguliwa.

Mapafu yenye presha

Mtoto aliyechelewa kuzibwa tundu, au mgonjwa wa vali ya maitro (iliyo kati ya chemba za kushoto) aliyekaa na ubovu wake miaka, anaweza kupata mkazo wa ghafla wa mishipa ya mapafu. Kichochezi kikubwa ni kufyonzwa makohozi akiwa macho nusu. Oksijeni inashuka, CVP inapanda, presha inaanguka, yote ndani ya dakika moja. Kwa hiyo usimfyonze kwa ratiba, mfyonze akihitaji. Mtulize kwanza, mpe oksijeni asilimia 100 kwa dakika mbili, ingiza mrija kwa sekunde zisizozidi 10, muwe wawili. Ikitokea, acha kufyonza, oksijeni asilimia 100, ongeza kasi ya kupumua kidogo, ongeza dawa ya usingizi, ita daktari. Usimmwagie maji: moyo wa kulia uliojaa hauhitaji mzigo mwingine.

Moyo ukisimama

Utaratibu hapa ni tofauti na wa wodini, na tofauti hizo ndizo zinazookoa. Mgonjwa wa kifua kilichofunguliwa siku za karibuni mara nyingi anasimama kwa sababu inayoweza kurekebishwa: mdundo mbaya, tamponadi au kuvuja damu.

Monita ikionyesha mdundo wa kushtuliwa na defibrileta ipo ndani ya dakika moja, piga shoti tatu mfululizo kabla ya kuanza kukandamiza kifua. Moyo ukiwa umenyamaza kabisa au unapiga polepole mno, unganisha betri ya moyo kwa mapigo 90 na nguvu ya juu kabisa, kwanza. Ikiwa hivyo havipo au havijafanya kazi ndani ya dakika moja, kandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukitazama presha ya ateri: presha ya juu ivuke 60. Kama ECG inaonyesha mapigo ya betri lakini hakuna presha, zima betri uangalie kama chini yake kuna mtetemo uliofichwa.

Adrenalini 1 mg ya kawaida haitolewi hapa. Moyo ukirudi, presha inapasua mishono. Daktari mwenye uzoefu anaweza kuagiza vipimo vidogo. Baada ya shoti tatu kushindwa, toa amiodaroni, dawa ya kutuliza mdundo, 300 mg. Oksijeni iwe asilimia 100, PEEP izimwe, sikiliza pande zote mbili, simamisha pampu zote isije ikawa dawa iliyokosewa ndiyo chanzo.

Na kama hajarudi, kifua kifunguliwe ndani ya dakika 5. Hiyo ina maana seti inafunguliwa dakika ya kwanza, si baada ya kujadiliana. Wavaao gauni na glovu wasipoteze muda kunawa. Mwanzoni mwa kila zamu andikeni ubaoni nani anakandamiza, nani yuko kwenye njia ya hewa, nani ana defibrileta na betri, nani anatoa dawa, nani anaongoza, nani anapiga simu na kuleta watu. Mkiwa wanne tu, andikeni nani anachukua mawili. Fanyeni zoezi na mwanasesere mara kwa mara, mpaka kila muuguzi ajue kikatio cha waya kinakaa wapi akiwa amefumba macho.

Kumwamsha na kuongea na ndugu

Mrija wa hewa unatolewa mgonjwa akiwa amepata joto la 36, damu ya kifuani chini ya ml 100 kwa saa na inapungua, dawa za presha ni ndogo na hazipandi, gesi za damu ni nzuri kwenye oksijeni asilimia 40 na PEEP ya 5, na ana nguvu ya kuinua kichwa. Mwite kwa heshima anayoijua: "Mama, operesheni imeisha, uko ICU. Una mrija mdomoni ndiyo maana huwezi kuongea. Minya mkono wangu." Mtu akielewa kwa nini hawezi kuongea, hapigani na mrija. Maumivu yatibiwe kabla, maana anayeogopa kukohoa atarudi kwenye mashine kesho. Mpe mto akumbatie kifuani akikohoa.

Ndugu wako nje kwenye mabenchi tangu alfajiri, wengine wamesafiri kutoka Kigoma au Newala. Wachague mmoja wa kuongea naye. Usiseme "anaendelea vizuri" wala "msiwe na wasiwasi", kwa sababu hujui saa mbili zijazo. Sema ulichokiona: "Shikamoo mzee. Operesheni imeisha saa tisa. Bado anapumua kwa mashine, na hilo ni la kawaida leo. Tunaangalia damu inayotoka kifuani, mpaka sasa iko ndani ya kiwango. Nitakuja tena saa mbili usiku." Halafu uje kweli saa mbili.

Siku zinazofuata

Mdundo usio na mpangilio wa chemba za juu hutokea zaidi siku ya pili na ya tatu, hivyo potasiamu iendelee kuangaliwa hata akiwa amekaa kitini anakunywa uji. Aliyewekewa vali ya chuma anaanza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mara damu ikitulia, na hachomwi sindano ya msuli. INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, kwa vali ya maitro hulengwa kati ya 2.5 na 3.5, ya aota kati ya 2 na 3. Ndugu waambiwe mapema kwamba matembele, mchicha na kisamvu havikatazwi, ila viliwe kwa kiasi kilekile kila wiki, kwa kuwa kubadilisha ghafla kunayumbisha INR.

Waya za betri ya moyo zitolewe kabla INR haijapanda, mchana, madaktari wakiwepo. Baada ya kuzitoa mgonjwa alale kitandani saa moja au zaidi kadiri daktari alivyoagiza, presha na mapigo vipimwe kila dakika 15. Waya ikikwangua moyo wakati wa kutoka, tamponadi inaweza kuanza hata siku ya nne, mgonjwa akiwa wodini bila mrija wa ateri wala CVP. Muuguzi wa wodi aambiwe saa waya zilipotolewa, na aandikiwe namba ya kumpigia.